Uliza uzi kwanza, bei baadaye

Hebu shika kola ya nguo uliyovaa sasa hivi, kisha uniambie imetengenezwa kwa kitu gani. Siulizi rangi, siulizi kampuni, wala siulizi uliinunua wapi. Nauliza uzi. Ni pamba? Ni sufu? Ama ni plastiki?

Kama umeanza kupapasa shingoni ukitafuta lebo, usione haya. Hata mimi nilikuwa hapo hapo miaka miwili iliyopita, na ujinga huo ulinigharimu.

Nilikuwa nimeitwa intavyu Upper Hill. Ilikuwa Januari, ile ya jua kali na mfuko mtupu. Nikaagiza shati jeupe mtandaoni, Sh1,500, na tangazo la muuzaji lilisema wazi: "pamba tupu". Shati lilipofika lilikuwa safi, halina hata mkunjo mmoja. Nikateremka matatu pale Railways, nikapanda hadi Upper Hill kwa miguu ili niokoe nauli ya kurudi. Kufika mapokezi, shati lilikuwa limenigandia mgongoni kama karatasi ya nailoni, na kwapa zilishaanza kutoa habari zake. Sitasema harufu ndiyo iliyoninyima kazi. Ninachojua ni kwamba nusu ya maswali sikuyasikia, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye kwapa.

Wiki hiyo hiyo nikalipeleka shati kwa fundi mmoja wa Kariokor, mama aliyeanza kushona kabla sijazaliwa, alipunguze mikono. Alilishika tu, akacheka.

"Kijana wangu, nani amekwambia hii ni pamba?"

"Mama, si waliandika kwa tangazo?"

Akachomoa nyuzi mbili kwenye pindo, akazishika kwa kikoleo cha nyusi, akawasha kiberiti. Hazikuwaka kama karatasi. Zilijikunja, zikayeyuka, zikatoa moshi mweusi na harufu tamu-tamu ya kemikali. Zilipopoa zikabaki punje ngumu kama shanga.

"Umeuziwa chupa ya soda," akasema, akarudi kwa cherehani yake.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Uzi wa poliesta na chupa ya plastiki ya soda ni kitu kile kile kikemikali, na vyote vinatokana na mafuta ya petroli. Chupa hutengenezwa kwa kupuliza, uzi hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwenye vitundu vidogo sana. Kuna hata viwanda vinavyokusanya chupa kuukuu na kuzigeuza jaketi.

Sasa basi, hoja yangu leo ni hii. Sisi vijana wa mjini tunajua nguo kuliko wazazi wetu. Tunajua kampuni zote za viatu, tunajua siku ya kufunguliwa marobota Gikomba, tunaweza kutofautisha kamera na fagia tukiwa tumesimama mbali. Lakini tunachovaa chenyewe hatukijui. Na anayetuuzia anajua kwamba hatujui. Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Somo lenyewe si gumu. Halihitaji digrii, mimi mwenyewe chuo kilinishinda katikati na haya nimeyashika. Nyuzi za nguo zina asili tatu tu.

Ya kwanza ni mimea. Pamba ni manyoya yanayozunguka mbegu za mpamba. Kitani hutoka kwenye shina la mmea wake. Mkonge, ule tunaoujua kwa kamba na viondo vya zamani, hutoka kwenye jani. Ya pili ni wanyama. Sufu ni manyoya ya kondoo, na hariri ni uzi ambao kiwavi hujizungushia anapojenga kifukofuko chake. Kifukofuko kimoja kinaweza kutoa uzi wa mamia ya mita. Ya tatu ni kiwanda. Hapo ndipo penye nailoni, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1935, poliesta iliyofuata Uingereza mwaka 1941, akriliki inayojifanya sufu, na elasteni, ule uzi wa kuvutika ulio kwenye jinzi za kubana.

Kuna mmoja anakaa katikati. Viskosi, ambayo lebo nyingine huiita reyoni, huanza kama mti. Mbao husagwa, zikayeyushwa kwa kemikali, kisha zikavutwa kuwa uzi. Zile soksi unazouziwa kwa jina la mianzi, mara nyingi ni viskosi iliyoanza kama mwanzi. Sio mbaya, ila usilipe bei ya miujiza.

Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Kwa hivyo ukinunua bila kuuliza, uwezekano mkubwa ni kwamba unabeba plastiki.

Tofauti iko wapi? Anza na maji, kwa sababu jasho ni maji. Chukua gramu 100 za uzi mkavu uziache zivute unyevu wa hewa ya kawaida. Sufu itavuta karibu gramu 16. Pamba itavuta karibu gramu 8. Nailoni karibu gramu 4. Poliesta haifiki hata nusu gramu. Sasa elewa kilichonipata Upper Hill. Jasho langu halikuwa na mahali pa kuingia. Lilikaa kati ya ngozi na shati, likatulia hapo kama mgeni aliyekosa nyumba. Isitoshe, poliesta hushikilia mafuta ya mwili kuliko pamba, na bakteria wa kwapa wanayapenda mafuta hayo. Ndio maana kuna tisheti unaifua leo, unaianika, unaivaa kesho, na ikipata joto la mwili tu ile harufu ya wiki jana inarudi.

Lakini usikimbilie kutupa kila poliesta uliyo nayo. Hapa ndipo watu wengi wanaojifanya wajuaji hukosea. Hakuna uzi mbaya, kuna uzi uliowekwa mahali pasipoufaa. Jezi ya mpira ikiwa poliesta ni sawa kabisa: imefumwa kwa matundu, jasho linasambaa juu yake na kukauka haraka. Ukikimbia kilomita kumi na fulana ya pamba, inanyonya jasho, inakuwa nzito, inakuchubua. Na wewe unayeishi bedsita, unayefua Jumapili jioni ili uvae Jumatatu asubuhi, poliesta ni rafiki yako. Inakauka usiku mmoja, haihitaji pasi, haichakai upesi, na bei yake ni ya chini. Siwezi kumcheka mtu kwa hilo. Mimi pia nina suruali mbili za hivyo na zimenivusha mengi.

Kwa joto la mchana, kwa kulalia na kwa chochote kinachogusa ngozi siku nzima, pamba bado ndiyo mfalme. Chupi ziwe za pamba, mashuka pia, nguo za mtoto vilevile. Kitani ni baridi zaidi hata kuliko pamba, ila kinajikunja ukikitazama tu. Pamba na kitani zina sifa nyingine nzuri: zikilowa zinakuwa na nguvu zaidi. Ndio maana leso ya nyanya yako imefuliwa, ikasuguliwa na kukamuliwa miaka nenda miaka rudi na bado iko.

Viskosi ni kinyume chake. Ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Lile gauni laini la maua ulilolikamua kama unakamua deki likararuka halikuwa na laana. Viskosi unaifinya polepole, unaianika ikiwa imetandazwa.

Baridi ya Julai ina hesabu yake. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu, pamba iliyolowa hukunyonya joto. Ukipanda Limuru asubuhi ya manyunyu na hudi ya pamba, utanikumbuka. Lakini sufu nayo ina masharti. Maji moto na kusugua huifanya ishikane na kusinyaa, unaingiza sweta lako unatoa la mdogo wako. Na Jik usiikaribishe kabisa kwenye sufu wala hariri, klorini huzila nyuzi hizo. Hata elasteni ya jinzi haipendi klorini wala joto kali. Ndio maana jinzi ya kubana huanza kulegea magotini.

Sasa tuje kwa maneno yanayotumika kutuchanganya. Satini si uzi. Satini ni namna ya kufuma, ile inayoacha upande mmoja unang'aa na kuteleza. Unaweza kufuma satini ya hariri, na unaweza kufuma satini ya poliesta. Zile kofia za kulalia na foronya zinazouzwa kila kona kwa jina la hariri, kwa bei ya soo tatu, ni satini ya poliesta. Bado zinateleza, bado zinasaidia nywele zisikwaruzwe, lakini hariri sio. Shifoni vilevile ni namna ya kufuma, na hata mahameli. Muuzaji akikujibu "hii ni satini," bado hajakujibu. Muulize tena: satini ya uzi gani?

Hata vitu tunavyoviona ni vyetu vya asili vimebadilika kimyakimya. Shuka nyingi za Kimaasai zinazouzwa mjini ni akriliki. Viondo vingi sokoni leo vimefumwa kwa nyuzi za kiwandani badala ya mkonge. Leso za poliesta zimejaa, zinang'aa vizuri dukani, ila ukimfutia mtoto maji baada ya kumuogesha, maji yanateleza tu. Na sweta nyingi za shule ambazo mzazi hulipia kama sufu ni akriliki: inapasha joto kiasi, lakini huota vinundu kabla ya muhula kuisha.

Kuna sababu moja inayonifanya nisilichukulie jambo hili kama la fasheni tu. Mwaka jana jirani yetu wa ploti alikuwa anageuza chapati akiwa amevaa dera pana la poliesta. Mkono wa dera ukapita juu ya moto wa gesi. Haukuchukua hata sekunde kumi. Kitambaa hakikugeuka majivu kikaanguka. Kiliyeyuka, kikamgandia mkononi kama plastiki ya moto, kwa sababu ndicho kilivyokuwa. Kovu analo mpaka leo.

Niseme ukweli wote hapa. Pamba nayo hushika moto, tena haraka, na dera pana la pamba ni hatari vilevile karibu na jiko. Tofauti ni kwamba poliesta na nailoni huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi za selsiasi, zikishuka kwenye ngozi zinashikilia. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unaweza kuwa mbaya zaidi: pamba inaendelea kuwaka kama utambi huku poliesta ikiyeyuka juu yake. Sufu ndiyo yenye adabu, huwaka kwa shida na mara nyingi hujizima. Kwa hivyo ukiwa jikoni, kunja mikono, vaa kitu cha pamba kisichoning'inia. Na mtu akiungua, mwagilia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na nguo iliyogandia ngozini usiivute, mwachie daktari.

Kisha kuna mto. Kila unapofua nguo ya poliesta, nailoni au akriliki, vipande vidogo sana vya uzi hung'oka na kwenda na maji. Jicho halivioni. Pamba pia hupoteza nyuzi, lakini hizo huoza. Plastiki haiozi. Maji yanayopita nyuma ya Gikomba ni Mto Nairobi, na Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Povu la besheni yako ya Jumapili lina safari ndefu. Nguo isiyouzika, ile fagia ya fagia, nayo huishia jalalani au mtoni, na kama ni plastiki itakaa huko ukizeeka.

Sasa utaniuliza, tutajuaje tukiwa sokoni? Gikomba usiwashe kiberiti, tafadhali. Soko lile limeungua mara ngapi? Kule tumia mikono. Fumbata kitambaa kwa nguvu, hesabu hadi kumi, achilia. Kikibaki na mikunjo mingi, kuna uwezekano ni pamba, kitani au viskosi. Kikirudi kama hakijaguswa, hiyo ni poliesta au imechanganywa sana. Ukiwa na chupa ya maji, weka tone moja. Pamba kwa kawaida hulinyonya, poliesta huliacha likae juu au liteleze, ingawa kitambaa kilichopakwa dawa kinaweza kukudanganya.

Tena mitumba ina siri moja nzuri: lebo za Ulaya husema ukweli kwa lugha kumi. Watu huziruka kwa sababu hawaoni Kiingereza. Coton ya Kifaransa, cotone ya Kiitaliano, algodón ya Kihispania, zote ni pamba. Na Baumwolle ya Kijerumani, hata kama inasikika kama sufu, ni pamba pia. Nimeona watu wakiiacha shati ya Baumwolle asilimia 100 ya soo mbili, wakaenda kununua plastiki mpya ya ngiri moja dukani. Angalia pia mshono wa ubavuni, sio shingoni tu. Lebo ya kola ndiyo hukatwa, ya ubavuni husahaulika.

Kiberiti kiache kwa nyumbani. Chomoa nyuzi mbili tatu tu kwenye pindo, zishike kwa kikoleo juu ya besheni yenye maji, mbali na pazia. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, huacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha ile shanga ngumu niliyoonyeshwa Kariokor.

Lakini nisikuachie wewe peke yako mzigo wote. Kuna watu watatu wanaopaswa kuacha mchezo.

Wa kwanza ni nyinyi mnaouza nguo mtandaoni. Najua wengi wenu ni vijana wenzangu, mnahangaika kama sisi. Kuandika "pamba asilimia 60, poliesta asilimia 40" kunachukua sekunde tano. Kama hujui, uliza unakonunua. Kama unajua na unaandika "pamba tupu", huo ni wizi tu, hata ukiuweka vichujio na muziki.

Wa pili ni shule. Mnamlazimisha mzazi anunue sare kwenye duka moja mlilochagua, kwa bei mliyokubaliana. Basi mwambieni analipia uzi gani. Mtoto wa Nyandarua anahitaji joto, mtoto wa Mombasa anahitaji hewa. Sare moja ya poliesta haiwezi kuwafaa wote wawili.

Wa tatu ni serikali, inayopenda kuhutubia kuhusu kufufua pamba. Sera hizo tumezisikia. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, viwanda vingi vya nguo vilizimika, Kicomi ya Kisumu ikiwa mojawapo. Rivatex ya Eldoret ilizinduliwa upya mwaka 2019. Lakini mkulima wa pamba wa Busia au Lamu atamuuzia nani, kama mnunuzi wa mwisho hajui tofauti ya pamba yake na chupa iliyoyeyushwa? Poliesta ikiruhusiwa kujiita pamba, pamba halisi itashindwa kwa bei kila siku. Sheria ya lebo sokoni ingemsaidia mkulima huyo kuliko hotuba kumi.

Wewe nawe, msomaji, sehemu yako ni swali moja. Wiki hii, kabla hujauliza "ni ngapi?", uliza "ni uzi gani?" Muuzaji akikuangalia vibaya, rudia. Wateja kumi wakiuliza hivyo kwa siku, wa kumi na moja atakuta jibu limeshaandikwa.

Lile shati bado ninalo. Mama wa Kariokor alipunguza mikono kama nilivyoomba, akanitoza Sh150. Siku hizi nalivaa Julai, chini ya sweta, siku ambazo sina mpango wa kutokwa na jasho.